Mzee Asiyekumbuka na Mungu Asiyesahau

Masomo: Isaya 49:14-16, Luka 23:39-43



Kuna msiba katika nyumba zetu ambao hauwekewi matanga. Baba yu hai, anakula, anaota jua barazani, lakini watu wa nyumbani wananong'ona kwamba si yeye tena. Aliyekuwa mtunza hazina wa kanisa hawezi sasa kuhesabu chenji ya dukani. Mama aliyelea watoto wanane anamtazama kitinda mimba wake na kumwuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Anauliza neno moja mara kumi kabla chai haijaisha. Anaficha fedha chini ya godoro, kisha anawashitaki wajukuu kwamba wameiba. Usiku anafungua mlango, anasema anakwenda kwa wazazi wake, nao wazazi hao walizikwa miaka hamsini iliyopita.

Tukiyaona hayo, huwa tuna majibu matatu. Wengine husema, "Ni uzee tu, mwacheni." Wengine husema, "Ni laana, kuna jambo alilitenda ujanani." Na wengine, nao ndio wabaya zaidi, husema, "Huyu ni mchawi, na uchawi wake umemrudia." Leo nataka tuyapime majibu hayo kwa mambo waliyoyaona madaktari na watafiti, kisha tuyapime kwa Neno la Mungu. Wala tusiogope kuviweka pamoja. Kweli yote ni ya Mungu, iwe imeandikwa katika Maandiko au imeonekana kwa hadubini.

NI UGONJWA

Mwezi wa Novemba 1901 mama mmoja wa miaka 51, jina lake Auguste Deter, alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, Ujerumani. Daktari Alois Alzheimer alimwuliza jina lake. Akajibu kwamba ni Auguste. Akamwuliza jina la ukoo. Akajibu, Auguste. Akamwuliza jina la mumewe. Mama akafikiri, akajibu kwamba labda ni Auguste. Alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliupima ubongo wake kwa hadubini. Aliona kwamba umesinyaa. Kati ya chembe za ubongo kulikuwa na mabonge madogo madogo ya uchafu, na ndani ya chembe zenyewe kulikuwa na nyuzi zilizosokotana, kama uzi ulioharibika mkononi mwa mshonaji. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo aliwaeleza madaktari wenzake mjini Tübingen, nao hawakulijali sana jambo hilo. Lakini mwaka 1910 Profesa Emil Kraepelin aliupa ugonjwa huo jina la Alzheimer, na jina hilo limebaki.

Tulifikirie jambo hilo. Kitu kilichomwibia mama yule jina la mumewe kilionekana juu ya kioo, kama vile vijidudu vya malaria vinavyoonekana juu ya kioo katika zahanati. Hakikuwa na uhusiano na jicho la mtu wala ulimi wa mtu.

Leo madaktari hutumia neno demensia kwa jamii nzima ya magonjwa yanayoharibu kumbukumbu na akili. Ugonjwa wa Alzheimer ndio mkubwa wao. Mwingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na huwapata hasa watu wenye shinikizo la damu na kisukari. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia, na kwamba zaidi ya 60 katika kila 100 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Basi asiseme mtu kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu.

Hata hapa kwetu Tanzania hesabu imefanywa. Mwaka 2009 na 2010 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji sita vya wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wakawachunguza wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Baada ya kusawazisha hesabu kwa umri, walikuta kwamba asilimia 6.4 ya wazee wa rika hilo walikuwa na demensia. Hesabu hiyo ina makali pande mbili. Upande mmoja inatuonyesha kwamba ugonjwa upo vijijini kwetu. Tukihesabu wazee mia wa umri huo, tutegemee kuwakuta sita hivi walio wagonjwa. Upande wa pili inamjibu yule asemaye, "Ni uzee tu." Zaidi ya 93 katika kila mia hawakuwa na ugonjwa huo. Uzee peke yake haumsahaulishi mtu jina la mwanawe. Mzee anayesahau alikoweka fimbo yake ni mzee kama wazee wengine. Mzee anayeishika fimbo asijue ni kitu gani, huyo ni mgonjwa, naye anastahili kutunzwa kama mgonjwa.

SI LAANA, WALA SI UCHAWI

Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alilikataa swali lenyewe (Yohana 9:1-3). Sisi nasi tulikatae. Huko Marekani mtafiti David Snowdon alianza mwaka 1986 kuwachunguza watawa wa Kanisa Katoliki wa shirika la School Sisters of Notre Dame. Walioingia katika uchunguzi huo walikuwa masista 678, wote wenye miaka 75 na zaidi, nao walikubali akili zao zipimwe kila mara na ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa. Mmoja wao, anayeitwa Sista Mary katika taarifa hizo, alifikisha miaka 101 akili yake ikiwa njema, hata ingawa ubongo wake ulionekana baadaye kuwa na alama nyingi za ugonjwa wa Alzheimer. Lakini wenzake wengine waliugua na kupotewa na kumbukumbu zote. Hao walikuwa wanawake waliosali asubuhi na jioni tangu usichana wao. Basi ni nani kati yetu atakayesimama juu ya kitanda cha mgonjwa na kusema kwamba hakusali vya kutosha?

Kuhusu uchawi nitasema kwa ukali zaidi, kwa sababu hapa pana damu. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, nchi jirani ya Kenya, umati wa watu uliwaua akina mama wazee wanne kwa kuwashitaki kwamba ni wachawi. Na sisi Watanzania tusinyoshe kidole ng'ambo ya mpaka. Kwa miaka mingi Usukumani wameuawa vikongwe kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyowekwa wekundu na moshi wa meko walikopikia wajukuu wa haohao waliowaua.

Sasa wazeni, ndugu zangu, jinsi ugonjwa huu unavyofanana na maneno ya washitaki. Mgonjwa wa demensia huchangamka usiku watu wakilala. Hutoka nje na kupotea njia. Huingia uwanja wa jirani akidhani ni kwake. Husahau kuvaa. Huzungumza na marehemu kana kwamba wamekaa naye. Huwashuku watu wa nyumbani. Akiulizwa, "Umekuja kufanya nini hapa?" hana jibu, na ukimya wake huhesabiwa kuwa ungamo. Hivyo dalili zote za ugonjwa hugeuzwa kuwa ushahidi, na mgonjwa hawezi kujitetea, maana kile ambacho angejitetea nacho ndicho kilichougua.

Basi nawaagiza Wakristo wa mtaa huu: ukimkuta bibi kizee uwanjani kwako saa nane za usiku hana nguo, usipige yowe wala usiseme ameanguka na ungo. Mvike kanga, mpe mkono, mrudishe kwao. Nuhu alipolala uchi hemani mwake, mwana mmoja aliona akaenda kutangaza. Shemu na Yafethi walichukua nguo, wakatembea kinyumenyume, wakamfunika baba yao wasiutazame uchi wake (Mwanzo 9:20-27). Maandiko yanatuambia ni nani kati yao aliyebarikiwa. Na anayejiita nabii, akatangaza mbele ya watu kwamba kikongwe fulani ana pepo wa uchawi, ajue kwamba ameweka jiwe mkononi mwa umati, hata kama yeye mwenyewe hakulitupa.

YALIYO KATIKA UWEZO WETU

Kwanza, mzee akianza kusahau, apelekwe hospitali. Si kila kusahau ni demensia. Kuna kusahau kunakotokana na upungufu wa vitamini B12, au tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, au huzuni kubwa baada ya kufiwa, au pombe, au hata dawa zilizochanganywa vibaya. Mengi katika hayo yana tiba. Na mzee aliyekuwa timamu jana, leo akaanza kuweweseka ghafla, huenda ana malaria, au homa ya mapafu, au ugonjwa wa njia ya mkojo. Huyo apelekwe siku ileile, asingojee Jumapili ili aombewe. Aombewe njiani.

Pili, tusidanganywe. Mpaka leo hakuna dawa inayoponya ugonjwa wa Alzheimer. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo lecanemab. Ilijaribiwa kwa watu 1,795 waliokuwa katika hatua za mwanzo, na baada ya miezi 18 wale walioipata walikuwa wameshuka kwa mwendo wa polepole zaidi, kama asilimia 27, kuliko wale ambao hawakuipata. Hupunguza mwendo wa ugonjwa. Hairudishi kilichokwisha potea. Tena katika jaribio hilo ilitiwa mwilini kwa dripu kila majuma mawili, na mgonjwa hupigwa picha za ubongo mara kwa mara, kwa sababu yaweza kuleta uvimbe au kuvuja damu kichwani. Tuwashukuru watafiti kwa hatua hiyo na kuwaombea wafike mbali zaidi. Lakini mtu akija gulioni na chupa, akasema inaondoa usahaulifu wa wazee kwa siku saba, usiuze shamba la baba yako ili ununue maji ya rangi.

Tatu, tujikinge mapema. Mwaka 2024 tume ya wataalamu ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia, ikakadiria kwamba kama yote yangeondolewa, karibu wagonjwa 45 katika kila 100 wangeepushwa au ugonjwa wao ungecheleweshwa. Sikilizeni mambo hayo, maana mengi yako mlangoni kwetu: kukosa elimu utotoni, kupungua kusikia, kupungua kuona, shinikizo la damu, kisukari, mafuta mabaya katika damu, unene wa kupita kiasi, kukaa bila kuushughulisha mwili, sigara, pombe nyingi, kuumia kichwa, huzuni isiyotibiwa, upweke, na hewa chafu.

Basi mama unayeacha vidonge vya shinikizo la damu kwa sababu "leo sijisikii vibaya," unauumiza ubongo utakaouhitaji miaka ishirini ijayo. Kijana wa bodaboda, kofia yako ngumu inalinda kumbukumbu zako za uzeeni. Baba unayemwachisha binti shule ili achunge ndugu zake, unamnyang'anya sehemu ya akiba ambayo angeitumia akiwa bibi. Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba miili yetu ni hekalu la Roho Mtakatifu, na hekalu halitunzwi siku ya mazishi.

Tena angalieni habari ya masikio. Barzilai Mgileadi, aliyemlisha Daudi wakati wa taabu, alialikwa kwenda kukaa katika jumba la mfalme. Akakataa. Alikuwa na miaka 80, akasema ladha ya chakula haijui tena wala sauti za waimbaji hazisikii, na kwamba angekuwa mzigo tu (2 Samweli 19:31-37). Barzilai wako wengi kanisani mwetu. Mzee asiyesikia hujitenga. Anayejitenga hukosa mazungumzo. Na akili isiyozungumzishwa husinzia. Mzee wa namna hiyo apewe kiti cha mbele, azungumzwe naye uso kwa uso, na masikio yake yapimwe. Pengine ni nta tu iliyojaa.

Nne, kuna dawa tunayoweza kuitoa wenyewe. Kulekule Hai watafiti waliwakusanya wazee 34 wenye demensia katika vikundi vidogo, kwa vipindi 14 katika majuma saba. Waliongozwa katika mazungumzo, michezo na mambo ya kuchangamsha akili yanayofaa wazee wa vijijini. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kwamba akili zao zilichangamka na wasiwasi wao ukapungua. Kwa kazi hiyo walihitajiwa watu waliofundishwa kidogo, na mahali pa kukaa, na subira. Wapendwa, mahali pa kukaa tunapo. Subira tumeahidiwa kuwa ni tunda la Roho.

MUNGU ASIYESAHAU

Sasa tufike kwenye moyo wa jambo. Mtu akisahau jina lake, je, bado ni mtu? Akisahau Sala ya Bwana, je, bado ni Mkristo? Akimsahau Mungu, itakuwaje?

Katika somo letu la Isaya, Sayuni analalamika kwamba Bwana amemwacha na kumsahau. Mungu anamjibu kwa kuuliza juu ya mama anayenyonyesha: je, aweza kumsahau mtoto aliyemzaa? Tungetazamia jibu liwe hapana. Lakini Mungu hasemi hapana. Anakubali kwamba hata mama kama huyo aweza kusahau, kisha anasema kwamba Yeye hatasahau. Amewachora watu wake katika viganja vya mikono yake.

Mnaona? Yule mama katika nyumba yako, anayemwuliza mwanawe "Wewe ni mtoto wa nani?", nabii Isaya alikwisha kumtaja. Mungu alijua kwamba kumbukumbu ya mwanadamu, hata ile iliyo na nguvu kuliko zote, kumbukumbu ya mama kwa mtoto wake, huenda ikakatika. Kwa sababu hiyo hakuufunga wokovu wetu kwa kamba hiyo. Aliufunga kwa kumbukumbu yake mwenyewe.

Mtazameni yule mnyang'anyi msalabani. Hakuwa na muda wa kujifunza katekisimu. Hakumwahidi Bwana kwamba atamkumbuka. Aliomba jambo moja tu, kwamba yeye akumbukwe. Naye akapewa Paradiso siku ileile. Mwanateolojia wa Uskoti, John Swinton, aliyewahi kuwa mwuguzi wa wagonjwa wa akili, aliandika mwaka 2012 kitabu kizima juu ya demensia, na fundisho lake kubwa ni hilo: tunaishi katika kumbukumbu ya Mungu, na kwa hiyo hatuwezi kupotea hata tukijipoteza wenyewe.

Wengine wameniuliza, "Je, mzee asiyeelewa tena apewe Ushirika Mtakatifu?" Najibu kwa swali. Je, mtoto mchanga tuliyembatiza alielewa? Alibebwa na wazazi wake wa ubatizo, wakajibu kwa niaba yake, na Kanisa likamwita kwa jina. Kama Kanisa lilimbeba mtu mlangoni alipoingia, litashindwaje kumbeba anapokaribia kutoka? Wale watu wanne walipomteremsha mwenye kupooza darini, Marko anasema kwamba Yesu aliiona imani yao, wao waliombeba (Marko 2:1-5). Mzee wetu aliyeamini miaka sitini sasa amelala kitandani mwake. Imani inayotakiwa kuonekana leo ni ya wale walioshika pembe nne za kitanda.

Tena wahenga walisema, jungu kuu halikosi ukoko. Wengi wanaowauguza wagonjwa hawa wameliona jambo hili: mtu aliyesahau watoto wake huimba wimbo wa zamani wa kanisa beti mbili tatu bila kukosea. Asiyejua siku ya leo huitikia Amina mahali pake. Chakula kimekwisha pakuliwa, lakini chini kabisa kuna kitu kilichoshika. Msitupe jungu.

YATUPASAYO

Amri ya Tano, ya kuwaheshimu baba na mama, tumezoea kuwafundisha watoto wa Jumapili. Lakini iliwekwa kwa ajili ya taifa la watu wazima, watu wenye wazazi wazee mahemani. Na Yoshua bin Sira, katika vitabu ambavyo Kanisa letu huvisoma kwa mfano wa maisha na mafundisho ya mwenendo, anamwambia mwana amtunze baba yake uzeeni, na hata akili za baba zikipungua amvumilie wala asimdharau yeye akiwa na nguvu zake (3:12-13). Neno hilo liliandikwa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Hakuna aliye na udhuru kwamba hakuambiwa.

Kwa hiyo nasihi mambo haya.

Mgonjwa asifungwe kamba, asipigwe, wala asifungiwe peke yake kutwa nzima. Asibishwe. Akisema anamngoja mama yake, usimwambie, "Mama yako alikufa zamani," maana atafiwa upya kila siku. Mwambie, "Nisimulie habari zake."

Majirani wa nyumba kumi wamjue, ili akipotea mtu yeyote aweze kumrudisha. Jina lake na la mtaa wake lishonwe kwenye nguo yake.

Umoja wa Akina Mama na vijana wa kwaya wapange zamu. Wakati kwaya inafanya mazoezi, iende mara moja kwa mwezi kuyafanyia mazoezi hayo barazani kwa mgonjwa, na nyimbo ziwe za zamani, zile alizoziimba yeye.

Na tumkumbuke anayemwuguza. Mara nyingi ni binti mmoja au mkwe mmoja. Ndugu wako mjini. Wanapiga simu na kutoa maagizo. Yeye ndiye anayefua mashuka, ndiye anayeamshwa mara nne usiku, ndiye anayeitwa mwizi na mama aliyemzaa, naye hana wa kumwambia kwa sababu ni aibu. Pengine hamjamwona kanisani tangu Pasaka, mkasema imani yake imepoa. Mwendeeni Jumapili moja, mmwambie, "Leo sisi tutakaa naye, wewe nenda ukasali, au ukalale." Na ninyi mlio mjini, leteni fedha, lakini leteni na miili yenu pia. Njooni mkae majuma mawili, mjue usiku wake unavyokuwa.

Kasisi na wazee wa kanisa tutawaandika wagonjwa hawa wote katika daftari la mtaa, na majina yao yatatajwa katika maombi ya kila Jumapili. Wao hawayakumbuki majina yao. Sisi tutayakumbuka kwa niaba yao, mbele za Yeye asiyeyahitaji kukumbushwa.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wa baba zetu, Wewe uliyetujua kabla hatujaijua nuru, uwaangalie watumishi wako ambao kumbukumbu zao zimefifia. Uwatulize usiku wanapohangaika, uwarudishe nyumbani wanapopotea, uwalinde na mikono ya watu wabaya. Uwape nguvu wanaowauguza, na utupe sisi aibu njema tukiwaacha peke yao. Wabariki madaktari na watafiti, ili waone yale ambayo bado yamefichika. Na siku itakapofika sisi wenyewe hatulijui tena jina lako, ulijue Wewe jina letu, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.